Triathloni Fupi Itakunyoosha: Wacha Nikuchanue Kabla Uingie Maji

Hapa Kanairo ukitaja kuogelea, kila msee ana hekaya ya vile alikuwa akijitupa mtoni huko ocha akiwa darasa la tatu. Ukitaja baiskeli, kila msee alijifunzia Black Mamba ya guka yake, mguu mmoja ukipitia chini ya fremu. Ukitaja kukimbia, wah, sote tunageuka Kipchoge ghafla.

Sasa chukua hizo vitu tatu, zipange moja nyuma ya ingine, asubuhi moja, bila kukaa chini. Hapo ndio hekaya huisha na mwili huanza kusema ukweli.

Hiyo inaitwa triathloni. Mwezi wa nane mwaka jana nilijiingiza kwa moja, ile fupi, Pwani ya kusini upande wa Diani. Sikushinda. Wale walioshinda niliwaona tu wakirudi wakati mimi bado naenda. Lakini nilimaliza, na kuna vitu kadhaa ambavyo ningeomba mtu angenichanua mapema. Kaa hapo, usihepe.

Fupi ni fupi kiasi gani?

Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Kwa mpangilio huo huo. Saa yako inaanza ukiingia maji na haisimami mpaka uvuke laini ya mwisho. Ukisimama kufunga kiatu, saa inaendelea. Ukisimama kulia, saa inaendelea pia.

Ile fupi inaitwa sprinti. Unaogelea mita 750, unaendesha kilomita 20, unakimbia kilomita 5. Kuna ndogo kuliko hiyo, supa sprinti, ambayo mara nyingi ni kama nusu yake. Ile ya Olimpiki ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Halafu kuna Ironman yenyewe: kilomita 3.8 za maji, 180 za baiskeli, na marathoni nzima ya kilomita 42.2 juu yake. Hiyo waachie wenyewe kwanza.

Mbona kuogelea kunakuja mwanzo? Fikiria tu. Ukichoka ukiwa kwa baiskeli, unashuka. Ukichoka ukikimbia, unatembea. Ukichoka ukiwa katikati ya maji, hakuna kukaa kando ya barabara. Ndio maana unamalizana na maji ukiwa bado na nguvu.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Resi ya kwanza ya kisasa ilifanyika tarehe 25 Septemba 1974, Mission Bay, San Diego, Marekani, ikipangwa na wakimbiaji wawili wa klabu ya pale, Jack Johnstone na Don Shanahan. Walijitokeza watu 46. Miaka minne baadaye, Februari 1978, Ironman ya kwanza ikafanyika Hawaii. Walianza 15, wakamaliza 12, na mshindi, Gordon Haller, alitumia karibu saa 12. Kwa Olimpiki, triathloni iliingia Sydney mwaka wa 2000.

Sasa mbona sisi hatushindi?

Hili swali nimeulizwa kinyozi, nimeulizwa kwa mathree, nimeulizwa na landilodi. Kama Kenya ndio baba ya mbio, mbona hatujawahi kuleta hata medali moja ya Olimpiki ya triathloni?

Jibu ni maji. Cheki hii: Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, dhahabu ya triathloni ya wanawake ilienda kwa Flora Duffy wa Bermuda. Bermuda ni kisiwa chenye watu elfu sitini na kitu. Ukiwaleta wote Kasarani, wengi wanapata viti na wachache wanabaki kwa geti. Na hiyo ndiyo ilikuwa dhahabu yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Lakini ukikulia kisiwani, bahari ndiyo uwanja wako wa kuchezea.

Na si eti Mkenya hawezi maji. Jason Dunford alifika fainali ya mita 100 za kipepeo kule Beijing 2008, akamaliza wa tano. Shida ni kwamba watoto wengi wa mtaa hawana mahali pa kujifunza. Maji yenye tunayo ni yale ya kutuua.

Wacha nikuambie kuhusu kwari

Mimi nimekulia Kayole. Kama unatoka upande wetu, unajua yale machimbo ya mawe, kwari. Mvua ya mwezi wa nne ikinyesha, yale mashimo yanajaa, na kwa macho ya mtoto yanakaa kidimbwi cha bure. Chini hakuonekani. Kando ni mawe matupu na matope, ukiteleza hakuna cha kushika.

Nikiwa darasa la sita, boyi mmoja wa ploti yetu aliingia na hakutoka. Tulienda saba. Tulirudi sita, tukiwa tumebeba nguo zake.

Mathe alinichapa hiyo jioni, kisha akanishika akalia. Kutoka hiyo siku, maji yaliyopita goti sikuyakanyaga tena mpaka nikafika miaka 24.

Si Kayole peke yake. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba karibu watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na wengi wao, karibu 9 kati ya kila 10, ni wa nchi kama yetu, zile za kipato cha chini na cha kati. Hizi si story za mafuriko peke yake. Ni vidimbwi, mito, visima, mabwawa. Vitu vya karibu na nyumbani.

Sasa, mwaka jana brathe yangu mdogo, wa miaka 13, aliingia keja jioni akiwa na nywele mbichi na akinuka tope. Sikuhitaji kuuliza. Nilifungua mdomo nimkanye, nikaufunga. Nitamwambia nini? "Usiende maji"? Hata mimi niliambiwa hivyo, na nilienda. Na kama angezama mbele yangu, mimi mwenyewe singejua kuelea, sembuse kumtoa.

Wiki hiyo nikatafuta mahali pa kujifunza kuogelea. Na kwa sababu najijua, ya kwamba kitu bila tarehe huwa sikimalizi, nikalipia resi iliyokuwa miezi mitano mbele. Pesa ikishatoka, hakuna kuingia mitini.

Maji: somo la kwanza ni kupuliza

Nilikuwa nalipa soo tatu kila nikiingia pale kidimbwini, na kitu kidogo cha kochi. Kochi ni jamaa wa makamo, huwa amevaa kandambili na hapandishi sauti. Nilidhani ataanza na mikono. Zi.

"Kijana, weka uso kwa maji," akaniambia. "Sasa puliza. Kama unapoza uji."

Wiki mbili nzima nilikuwa napoza uji. Watoto wa miaka sita walikuwa wananipita wakinicheka. Lakini hii ndiyo siri yenyewe, na ukishika hii peke yake umenufaika na hii makala: ile hisia ya kukosa pumzi ukiwa majini mara nyingi si kwamba hewa safi imeisha. Ni kwamba umebana pumzi, na hewa chafu, kabonidayoksaidi, inazidi kujaa ndani. Mwili ukisikia hiyo, unapiga kengele. Unainua kichwa. Ukiinua kichwa, miguu inazama. Miguu ikizama, unapiga mikono kama mtu anafukuza nyuki. Dakika moja, umemaliza nguvu zote.

Ukipuliza polepole uso ukiwa chini, hewa chafu inatoka. Ukigeuza kichwa kando, kazi yako ni kuvuta tu. Ni hivyo. Baada ya hapo ndio unajifunza kuelea, kunyoosha mwili, kisha mikono.

Hesabu ya kuweka kichwani: kwa kidimbwi cha mita 25, mita 750 ni kwenda na kurudi mara 15. Siku ya kwanza nilifanya nusu ya kwenda. Mwezi wa tatu nilifanya zote 15, mos mos, nikatoka nikakaa kwa simiti nikitetemeka, si kwa baridi.

Vifaa: usidanganywe na luku

Ukiingia mitandaoni utaona baiskeli zenye bei ya gari, suti za kubana na saa za kuongea. Usiingie baridi. Kwa resi ya kwanza unahitaji hivi tu.

Nguo moja yenye unaweza kuogelea nayo, kuendesha nayo na kukimbia nayo. Mimi nilivaa kaptura ya kubana na vesti. Bahari yetu ni ya joto, kwa hivyo ile suti nzito ya mpira haikuhusu.

Miwani ya kuogelea. Yangu ilikuwa ya mia sita. Ijaribu kabla ya siku yenyewe. Usiwahi, narudia, usiwahi kuvaa kitu kipya siku ya resi.

Baiskeli yoyote yenye breki mbili zinazoshika. Mimi nilikopa ya beshte yangu, ile ya milima, nikabadilisha magurudumu nikaweka ya laini. Kuna wasee walikuja na zenye kikapu mbele.

Helmeti. Hiyo hakuna kujadili. Bila helmeti hauruhusiwi hata kuanza.

Njumu za kukimbia zenye umezizoea. Toa kamba za kawaida, weka lastiki, zile za kushonea kaptura. Unatumbukiza mguu na kutoka nduki.

Na mwisho, Arimis. Ndiyo, ile ya ng'ombe. Pakaa shingo, kwapa na katikati ya mapaja. Maji ya chumvi, jasho na nguo mbichi vikikutana ndani ya saa mbili, bila mafuta utatembea siku tatu kama umetahiriwa jana.

Siku yenyewe: saa kumi na mbili asubuhi

Nilisafiri na basi la usiku, baiskeli ikiwa kwa buti, nikavuka Likoni alfajiri nikiisukuma. Jioni kabla ya resi nilidishi wali na samaki kidogo. Maharagwe na githeri niliacha, wewe pia acha. Asubuhi nikala mkate na ndizi na chai kama saa mbili na nusu kabla ya kuanza. Zaidi ya hapo ni kutafuta ngori tumboni.

Tulikuwa chini ya watu 60. Ukifika unapewa namba, inaandikwa pia kwa mkono na mguu na kalamu ya wino mzito. Unafungwa kachipu kwa kifundo cha mguu, hako ndiko kanasoma muda wako. Unapewa kofia ya kuogelea ya rangi ya kundi lako, ili wale wa kwa mitumbwi wakuone.

Waandaaji walikuwa wamepanga saa na maji. Pale ndani ya mwamba, maji yakipwa unaweza tembea mbali sana ukikanyaga majani na miiba ya bahari. Yakijaa, panakuwa pa kuogelea. Kwa hivyo kama resi ni ya Pwani, usishangae ikianza saa isiyo ya kawaida. Bahari ndiyo inaamua.

Dakika tano zilizokuwa refu kuliko zote

Firimbi ikalia, tukaingia.

Kidimbwini kila mtu ana njia yake. Baharini hakuna njia. Kiganja kikanipiga shavu. Mguu wa mtu ukagonga miwani yangu, chumvi ikaingia macho. Nikameza maji. Nikaangalia chini nikaona kijani tu, hakuna chini.

Na hapo, manze, sikuwa Diani tena. Nilikuwa kwari, nikiwa darasa la sita.

Nikasahau uji. Nikabana pumzi. Nikainua kichwa, miguu ikaenda chini, vile tu nimekueleza hapo juu. Kulikuwa na mtumbwi kama mita kumi kando yangu, na mzee mmoja ndani yake. Sijui nilifikaje, lakini niliushika.

Nilidhani nimetolewa. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimemaliza. Nitoe."

Hakunitoa. Akaniangalia tu, akasema, "Mwanangu, bahari haina haraka. Shika hapo. Vuta pumzi, kisha uniambie tena."

Wacha nikuchanue kitu hapa, kwa sababu wengi hawajui na kinaweza kukuokoa. Sheria za triathloni zinaruhusu upumzike ukishika boya au chombo kilichosimama, bora tu kisikusogeze mbele. Hautolewi kwa hiyo. Ukizidiwa kabisa, unainua mkono mmoja juu na kuita, na watakuja. Hapo ndio resi yako imeisha, na hakuna aibu.

Nilishika kama dakika mbili. Nikapoza uji mara kumi. Yule mzee hakusema kitu kingine, alikuwa anaangalia tu mawimbi kama mtu yuko dukani kwake. Kisha nikasema, "Sawa, mzee. Naenda."

"Nenda," akasema. "Polepole. Mimi nipo."

Kutoka hapo nikakaa nje ya msongamano. Niliachana na mambo ya kufukuzana. Kila baada ya mikono sita nilikuwa nainua macho peke yake juu ya maji, makochi huita macho ya mamba, naangalia boya liko wapi, kisha uso chini tena. Usipofanya hivyo utaogelea kuelekea Zanzibar na hakuna mtu atakuambia.

Nilitoka majini dakika ya 26. Ulikuwa umelala kwa maji muda huo wote, kwa hivyo ukisimama ghafla damu inakimbia miguuni na kichwa kinazunguka. Tembea hatua chache, kisha ukimbie. Mimi nilipiga magoti mchangani kwanza. Watu walidhani naomba. Pengine nilikuwa naomba.

Mchezo wa nne wenye hakuna mtu hukuambia

Kati ya maji na baiskeli kuna eneo la kubadilisha, wenyewe huita T1. Kati ya baiskeli na kukimbia kuna T2. Muda wa hapo unahesabiwa, na hapa ndipo wasee wengi wanapoteza dakika za bure.

Tandika leso chini kando ya baiskeli yako. Juu yake panga vitu kwa mpangilio wa vile utavaa: helmeti juu ya usukani, viatu vikiwa wazi, mkanda wa namba kando. Na kabla ya resi, tembea kutoka upande wa maji mpaka kwa baiskeli yako, hesabu mistari. Mimi sikuhesabu. Nilitoka majini macho yakiwa mekundu nikizunguka nikitafuta baiskeli nyeusi katikati ya baiskeli nyeusi hamsini. T1 yangu ilikuwa dakika 5. Kuna mtu anapika mayai na hizo.

Sheria za hapo ni tatu, shika vizuri.

Moja, funga helmeti kabla hujagusa baiskeli, na usiifungue mpaka umeirudisha baiskeli mahali pake. Hii si mchezo. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022 kule Birmingham, Hayden Wilde wa New Zealand alipigwa adhabu ya sekunde 10 kwa sababu ya mambo ya helmeti kwa T2, na Alex Yee wa Uingereza akaondoka na dhahabu. Hiyo pia ilikuwa sprinti. Kama hao wanaadhibiwa, wewe ni nani?

Mbili, hauendeshi ndani ya eneo la kubadilisha. Unaisukuma baiskeli mpaka laini iliyochorwa chini, unaivuka, ndio unapanda. Mimi nilipanda kabla. Firimbi ikapulizwa, nikarudishwa nyuma kama mtoto.

Tatu, vitu vyako vibaki mahali pako. Ukitupa kofia kwa njia ya mwenzako ni makosa.

Baiskeli: usiwe shujaa

Mwezi wa nane Pwani ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Njia yetu ilikuwa inaenda kusini kilomita 10 kisha inageuka. Maana yake ni nini? Kwenda, nilikuwa nakanyaga kama mtu anasukuma mkokoteni Marikiti. Kurudi, upepo ukanibeba nikajiona bingwa.

Kwa resi nyingi za watu wa kawaida hauruhusiwi kujificha nyuma ya baiskeli ya mtu ili akukingie upepo. Unaacha kama mita 10, na ukitaka kumpita, unampita kabisa, sio kukwama kando yake mkipiga story. Resi zingine za wale wa kulipwa zinaruhusu kufuatana, ndio maana kwa TV unawaona wakienda kama siafu.

Kosa la wageni ni kuchoma nguvu zote hapa. Unaona umetoka majini hai, unafurahi, unakanyaga gia nzito. Weka gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kulazimisha. Kunywa maji kidogo kidogo, chupa moja inatosha. Kilomita ya mwisho punguza, zungusha tu miguu, ijiandae.

Kama kilomita ya 14, mama mmoja wa rika la mathe alinipita. Akanisalimia kabisa: "Twende, kijana, usilale!" Nikamjibu, "Asante, mama." Sikumwona tena mpaka mwisho, akiwa ashaoga.

Dakika 47. Nikashuka kabla ya laini, safari hii nilikuwa nimejifunza.

Kilomita 5 zenye hazikujui

Hapa ndipo Mkenya ndani yako ataamka aseme, hatimaye, mchezo wetu. Pole.

Ukishuka baiskeli ukianza kukimbia, miguu haikuskii. Inakuwa kama umekopa za mtu. Sababu ni hii: kwa dakika 40 na kitu umekuwa umejikunja kiunoni, miguu ikizunguka bila kugonga chini. Misuli ya mbele ya paja imechoka, ya kiuno imefupika, na ubongo bado unatuma amri za kuzungusha. Ghafla unaiambia ibebe uzito wako wote na igonge lami. Inachukua muda kukubali.

Dawa ni kuizoesha mazoezini: ukimaliza kuendesha, kimbia papo hapo, hata dakika 10. Na siku ya resi, anza na hatua fupi za haraka. Kama baada ya kilomita moja hivi, miguu inarudi kwa mwenyewe.

Mimi nilitumia dakika 32. Beatrice Chebet alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13:58.06 mwaka wa 2025, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 14. Maana yake ni kwamba wakati mimi nafika katikati, Chebet angekuwa ashamaliza, amevaa tracki, na chai imemiminwa. Sijali. Yangu nilikuwa nimeanza nikishikilia mtumbwi.

Jumla yangu: maji 26, T1 5, baiskeli 47, T2 3, mbio 32. Saa moja na dakika 53. Wale wa Birmingham walimaliza mbio za umbali huo huo kwa takriban dakika 50.

Nilipovuka laini nilipewa medali ya bati na chupa ya maji. Nikarudi ufukweni na miguu ya mbao nikamtafuta yule mzee. Alikuwa anavuta mtumbwi wake mchangani. Nikasema asante. Akaniuliza jambo moja tu: "Ulipuliza?" Sijui alijuaje.

Mpango wa wiki 12, bila ujinga

Kama tayari unaweza kuelea, wiki 12 zinakutosha kwa sprinti. Kama hauwezi, ongeza miezi miwili ya maji peke yake kwanza. Kwa wiki, fanya hivi:

Maji mara mbili au tatu. Usihesabu kasi, hesabu utulivu. Wiki za mwisho, ingia maji wazi angalau mara mbili, ukiwa na mtu anayejua kuogelea na mahali palipo na walinzi. Usiende peke yako. Na usiende kwari, hata kama umeiva.

Baiskeli mara mbili. Mimi nilikuwa natoka Jumapili saa kumi na moja alfajiri kabla mathree hazijaamka. Barabara yetu haikuhurumii, vaa kitu cha kung'aa.

Kukimbia mara mbili, moja ikiwa papo hapo baada ya baiskeli.

Siku moja lala. Kulala ni mazoezi.

Na kabla ya yote, kama una shida ya moyo, pumu, au umewahi kuzirai ukifanya mazoezi, ongea na daktari kwanza. Maji hayana huruma na mtu anayejificha.

Ya mwisho

Hiyo jioni nilimpigia mathe. Sikuwa nimemwambia naenda baharini, alidhani niko Mombasa kwa kazi. Nikamwambia nimeogelea mita 750. Akanyamaza kwa muda mpaka nikadhani kredo imeisha. Kisha akauliza, "Kwa maji mengi?" Nikasema, mengi. Akasema, "Sawa. Basi mfundishe huyu wa huku."

Nilikuwa nishaanza. Kila Jumamosi asubuhi tunaenda na brathe, mia tatu yangu, mia mbili yake. Alilalamika wiki ya kwanza kwamba uji wa nini, yeye anataka kurukia upande wa kina. Nikamwambia apulize kwanza. Sasa anaelea dakika tano bila kushika kitu, akiangalia juu kama mtu amelala kitandani kwake.

Medali yangu ameining'iniza kwa msumari kando ya mlango. Anasema yake itakuwa ya rangi ingine.